Kazi Yangu Inarudi Lini?

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja: masomo ya chuo kikuu kwa mtandao. Sishangai. Huku Kusini, ukishataja Stella Maris pale Mtwara, tawi la Taasisi ya Uhasibu na vyuo vyetu vya ualimu, orodha imekaribia kuisha. Mtu wa Liwale au Mangaka mwenye kazi na watoto, akitaka shahada, tegemeo lake ni simu yake na kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria, au chuo kingine kinachofundisha kwa mbali. Nimezifupisha barua na kuondoa majina, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu. Mtakaoona zenu nimezipa mistari michache, msininunie.

Wanazima kamera

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi, nafundisha upimaji na tathmini kwa walimu wanaojiendeleza. Nina wanafunzi 140, wengi wako Newala, Tandahimba, Nachingwea na Liwale. Kipindi changu ni Jumanne saa mbili usiku kwa Zoom. Wanaoingia hawazidi 30 na wengi wao wanazima kamera. Mkuu wa idara anasema ubora umeshuka, anataka mahudhurio yapewe alama na kila mtu awashe kamera. Mimi naona tutawapoteza hata hao 30. Nifanyeje? – Mhadhiri, Mtwara mjini*

Marahaba, mwanangu. Mkuu wako wa idara ana haki ya kuwa na wasiwasi. Mkuu asiyeshtuka wanafunzi 110 wasipoonekana, kile kiti hakimfai. Ila dawa aliyokuandikia si ya ugonjwa huu.

Tuanze na bando. Saa moja ya Zoom yenye picha za watu wengi inakula kati ya MB 800 na zaidi ya GB 2, kutegemea ubora wa picha. Mwalimu wa Kitangali aliyenunua bando la wiki akalimaliza lote kwako Jumanne usiku, atasoma kwa nini hadi Jumatatu? Halafu saa mbili usiku ndiyo saa ya kulisha watoto na kuwalaza. Huyo mama aliyezima kamera ana mtoto mgongoni na sufuria jikoni, na bado anakusikiliza. Kuna mwingine kamera yake inawaka, uso upo, macho yako kwenye simu ya pili. Nimewaona wa aina zote mbili, na kwenye mtihani si huyu wa pili anayefanya vizuri.

Sasa chukua karatasi tupige hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi kujifunza: kusikiliza, kusoma, kufanya mazoezi, kujiandaa na mtihani, vyote kwa pamoja. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kipindi chako cha Jumanne, kikiwa cha saa moja kwa wiki 15, ni saa 15. Zile 105 zilizobaki umezipangia nini? Mkuu wako anazozana na wewe juu ya saa 15 na hakuna anayeuliza habari za 105.

Mara nyingi jibu ni PDF. Slaidi zilizorithiwa kutoka kwa aliyefundisha kozi kabla yako, zimepakiwa kwenye mfumo, wanafunzi wanaziita madesa, na hawajakosea. Mtu anazisoma peke yake usiku, anaandika kazi, anaipakia. Basi. Kazi inarudi baada ya mtihani, au hairudi kabisa. Anaona 14 kati ya 20 na hajui zile sita zimekwenda wapi.

Mimi huwa naulizia kitu kimoja tu nikitaka kujua kozi ya mtandaoni ina ubora au haina: kazi ya mwanafunzi inakaa kwa mwalimu siku ngapi, na ikirudi inarudi na maneno gani. Nikishajibiwa hilo sina haja ya kuona mfumo wenyewe.

Wala si mawazo yaliyokuja na intaneti. Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Arthur Chickering na Zelda Gamson, walitoa kanuni saba za ufundishaji bora wa shahada ya kwanza. Ya nne ni mrejesho wa haraka. Wakati huo hapakuwa na tovuti hata moja duniani. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971 na kufundisha kwa posta, redio na televisheni, kilijengwa juu ya kazi zinazosahihishwa na mkufunzi na kurudishwa. Na kina utaratibu ambao natamani idara zetu ziuige kesho asubuhi: sampuli ya kazi zilizosahihishwa inapitiwa na mtu mwingine, anamwambia mkufunzi hapa umetoa alama bila kueleza, pale umekuwa mkali kuliko mwongozo. Ona wanachokikagua. Hawahesabu nyuso, wanasoma alichoandika mwalimu pembeni ya kazi ya mwanafunzi.

Najua utasema: wanafunzi 140, Mwalimu! Nimekusikia. Ukimpa kila mmoja dakika nane, ni zaidi ya saa 18 za kusahihisha. Hakuna binadamu atakayefanya hivyo kila wiki akabaki na afya. Kwa hiyo usifanye kila wiki kwa wote. Wagawe mafungu manne ya watu 35. Wiki hii soma kwa undani fungu la kwanza, wiki ijayo la pili, zungusha. Watu 35 kwa dakika nane ni chini ya saa tano, inawezekana hata kwa mwenye kozi tatu. Mpaka muhula uishe kila mmoja amesomwa vizuri mara tatu hivi, na hiyo ni mara tatu zaidi ya wengi wanavyosomwa sasa. Wiki ambazo si zamu yao, wape jaribio fupi linalojisahihisha lenyewe kwenye mfumo, na jibu la mfano wajilinganishe nalo.

Halafu ukimaliza hizo 35 utakuwa umeshajua makosa matatu ambayo darasa zima linayafanya. Usiyaandike mara 140. Yaseme. Rekodi sauti, dakika sita au saba, weka kwenye mfumo na kwenye kundi la WhatsApp. Sauti ya dakika kumi iliyobanwa vizuri haifiki MB 3, hata wa Liwale anaishusha akiwa amesimama kituoni. Na usizidishe urefu. Mwaka 2014 watafiti walichambua vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za masomo kwenye jukwaa la edX, wakakuta kwamba hata video iwe ndefu namna gani, muda wa kati wa mtu kuitazama hauvuki dakika sita. Wale walikuwa na intaneti nzuri na viti vya kuegemea.

Sasa hilo la maneno gani yanarudi. Nikuonyeshe kwa kozi yako hiyohiyo. Achana na swali la "Eleza ngazi za Bloom," zile ngazi za kufikiri zinazoanzia kukumbuka na kupanda. Hilo limejibiwa tangu 1956 na jibu lake liko kila mahali, mwanafunzi analinakili akiwa kwenye bodaboda. Wanafunzi wako ni walimu, wana mitihani halisi kwenye makabati yao. Waambie: *chukua mtihani wa muhula uliopita wa darasa lolote shuleni kwako. Chagua maswali matano, piga picha. Sema kila swali linapima nini. Kisha chukua moja linalopima kukumbuka tu, uliandike upya lipime kutumia maarifa.*

Tuseme mmoja ameleta swali la darasa la tano: "Taja mazao manne ya biashara yanayolimwa Tanzania." Amesema linapima uchambuzi. Amelibadilisha likawa: "Eleza mazao manne ya biashara yanayolimwa Tanzania." Wasahihishaji wengi hapo wanaandika *Vizuri, ongeza juhudi*, wanatoa 12, wanaendelea. Mwanafunzi ataongeza juhudi za nini?

Andika hivi: *Umebadili kitenzi, swali limebaki lilelile. Mtoto aliyekariri orodha bado anapata alama zote. Mpe mtoto hali ambayo hajaikariri: babu yake ana mikorosho, mvua imenyesha siku nyingi wakati wa maua. Mavuno ya mwaka huo yatakuwaje, na kwa nini? Jaribu moja lako la namna hiyo, ulirudishe Ijumaa.*

Haichukui dakika nane kuandika. Na lile neno "ulirudishe" ndilo lenye kazi, kwa sababu mrejesho usiodai toleo la pili unasomwa kama salamu. Toa alama chache kwa kurekebisha, utaona watu wanasoma ulichoandika mpaka nukta.

Utapata na faida ya pembeni: swali linalodai picha ya mtihani wa Shule ya Msingi fulani kule Mnyambe haliko mtandaoni. Atakayetaka kudesa atalazimika kwanza kulifanya.

Kalenda nayo, ndugu yangu, ipange ukijua unafundisha wapi. Kuanzia Oktoba mpaka kuelekea mwaka mpya huku ni korosho. Mwalimu wa Tandahimba akitoka shule anakwenda shambani, wikiendi yuko ghalani kwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anasubiri mzani, na ada yako inasubiri malipo ya mnada. Vyuo vinavyomfungia mtu mfumo Oktoba kwa sababu ya ada, kisha vinalalamika Desemba kwamba hakuwasilisha kazi, sijui vinatarajia nini. Wewe kama mhadhiri huna funguo za uhasibu, lakini tarehe za kazi ni zako. Zito liweke Septemba au baada ya msimu. Na kila kazi iwe na siku tatu za ziada zisizohitaji kuombwa.

Uwe pia na njia ya pili iliyoandikwa kwenye mwongozo wa kozi tangu wiki ya kwanza. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipita, barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga, na aliyekuwa na kipindi cha ana kwa ana huko juu alibaki huku. Wiki moja baadaye, Mei 12, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na intaneti ikasuasua nchi nzima. Ndani ya mwezi mmoja njia zote mbili zilikatika! Darasa lenye maelekezo ya wiki nne yaliyokwisha kuchapwa na kuachwa kwenye steshenari ya mjini, pamoja na namba ya simu ya mkufunzi na saa zake za kupokea, lilikuwa na la kufanya siku hizo.

Kwa mkuu wako wa idara usiende na malalamiko ya kamera, nenda na takwimu. Mwonyeshe wangapi wamewasilisha kazi ya wiki ya pili, na waliokosa wangapi wamepigiwa simu. Simu, si ujumbe. Asiyewasilisha wiki ya pili mara nyingi ndiye asiyeonekana kwenye mtihani, na anayepigiwa simu mapema huwa anarudi, hata kama ni kwa aibu tu. Mwonyeshe kazi zinakaa siku ngapi kabla ya kurudi. Mwonyeshe wangapi wamerekebisha. Mwombe na kitu kimoja: mhadhiri mwenzako apitie kazi 10 ulizosahihisha, nawe upitie 10 zake. Akikubali hilo, ni mkuu mzuri. Akiendelea kudai kamera, mpe kamera za dakika mbili za salamu mwanzoni, kisha kila mtu azime, kipindi kiendelee.

Kile kipindi cha Jumanne usikiue. Kifanye cha hiari, cha maswali, kiwe na rekodi ya sauti. Hao 30 wanakuja kwa sababu wanahitaji kusikia mtu.

Nimepewa sifuri

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari Tandahimba, nasoma uzamili mtandaoni. Insha yangu imepewa sifuri. Programu ya chuo imesema asilimia 78 imeandikwa na akili mnemba. Nimeiandika mwenyewe, Kiingereza nilikisafisha kidogo tu. Nimeandika baruapepe, sijajibiwa. Wenzangu wananiambia nikubali sapu, yaani mtihani wa marudio, yaishe. – Mwanamke, Tandahimba*

Marahaba mdogo wangu, usikubali sapu kwa kosa ambalo hujalifanya.

Hizo programu hazishiki mwizi, zinakisia. Kampuni ya OpenAI, iliyoleta ChatGPT mwishoni mwa 2022, ilikuwa na kifaa chake yenyewe cha kutambua maandishi ya mashine, na Julai 2023 ikakiondoa kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha zilihesabiwa kuwa za mashine. Insha za wanafunzi waliozaliwa kwenye Kiingereza zilipita karibu zote. Sababu inaeleweka: sisi tulijifunza Kiingereza cha darasani, sentensi zilizonyooka, maneno ya kawaida, na hicho ndicho programu inachokiita mashine. Umeadhibiwa kwa kuandika kama ulivyofundishwa.

Andika rufaa rasmi, kwa barua, kwa mratibu wa programu ya uzamili na nakala kwa kitengo cha udhibiti ubora. Baruapepe kwa mhadhiri peke yake inapotea. Ambatanisha rasimu zako zote, hata zile za mkono kwenye daftari, zipige picha. Kama uliandikia kwenye Google Docs, historia ya mabadiliko imo, inaonyesha kila ulichofuta na saa uliyofuta. Kisha omba kitu ambacho mwizi hawezi kukiomba: dakika kumi za kuhojiwa kwa simu juu ya insha hiyo. Waambie: niulizeni chochote, kwa nini nilichagua mfano huu na si ule.

Sasa turudi kwenye lile "kidogo". Nakuuliza kama dada. Kuna kusafisha ambako ni kusahihisha *has* na *have*, na kuna kusafisha ambako unabandika aya nzima ya Kiswahili au Kiingereza kibovu na kuipokea imevaa suti. Kama ni hii ya pili, sema hivyo kwenye rufaa, onyesha aya yako ya kwanza na iliyotoka. Vyuo vingi bado havijaandika kanuni zinazoeleweka juu ya jambo hili, na aliyesema mwenyewe anasikilizwa tofauti na aliyekamatwa kwenye maswali.

Na wahadhiri mnaosoma hapa: asilimia inayotoka kwenye programu si ushahidi, ni sababu ya kupiga simu. Mtu aliyeandika kazi yake anaizungumzia bila karatasi. Dakika tano zinatosha kumjua.

Je, shahada hii ni ya kweli?

*Bi Mwalimu, salaam. Kijana wangu yuko Lindi na amepata nafasi chuo cha nje, anasoma hukuhuku kwa mtandao miaka mitatu, ada kwa dola. Mimi nimestaafu, fedha ni ya kiinua mgongo. Nauliza: shahada ya kwenye simu inatambulika? – Mzazi, Mtanda, Lindi*

Wa alaikum salaam, mzee wangu. Kusoma kwa mbali si jambo la jana. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kinafundisha hivyo tangu 1946, na Chuo chetu Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Waliosoma huko wako maofisini na hakuna anayewauliza walisomea chumba gani.

Swali ni chuo chenyewe. Kabla hujatoa hata shilingi ya fomu, kijana aende kwenye tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania na kuwaandikia: chuo hiki, programu hii, kwa njia ya mtandao, mtaitambua? Asiulize chuo tu, aulize programu na njia, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali nyumbani kwao na programu yake moja ikawa na matatizo. Jibu liwe la maandishi. Wakala aliyekuletea fomu si jibu, yeye analipwa kwa kila kichwa.

Kisha kijana akiulize chuo maswali haya na akuletee majibu wewe: Mtihani wa mwisho unafanyiwa wapi, na nani anasimamia? Anayesahihisha kazi ni nani, ana wanafunzi wangapi? Kazi inarudi baada ya siku ngapi? Nikikwama nampigia nani, saa ngapi? Chuo kizuri kinajibu siku hiyohiyo bila kuchoka. Kinachokutumia picha za majengo na mahafali, shika mfuko wako.

Na akikuambia atamaliza shahada ya kwanza kwa mwaka mmoja, mzee wangu, usihangaike hata kuandika. Shahada ya kwanza kwa utaratibu wetu haipungui krediti 360. Zidisha kwa kumi upate saa, kisha gawanya kwa siku za mwaka mmoja. Ni karibu saa kumi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Tununue mfumo gani?

*Chuo chetu kinataka kuanza kozi za mtandaoni. Tumeletewa ofa tatu za mifumo. Upi bora? – Mratibu, Mtwara*

Kabla hujanunua, jaribu Moodle. Ni bure, ilianzia Australia mwaka 2002, inatumiwa na vyuo vingi ndani na nje ya nchi, na programu yake ya simu inamruhusu mwanafunzi kushusha masomo akiwa na mtandao na kuyasoma akiwa hana. Hilo la mwisho lina thamani kwetu kuliko mapambo yote watakayokuonyesha kwenye ofa. Gharama yako itakuwa mtu wa kuihudumia na mahali pa kuiweka, na hizo gharama utazilipa hata ukinunua.

Fedha itakayobaki ajirini wasahihishaji wawili wasaidizi, wapeni mwongozo wa alama na mafunzo. Kabla ya kuzindua, mmoja wenu achukue simu ya bei nafuu, apande basi pale Mkanaledi, ashuke Newala, na ajaribu kuwasilisha kazi kwenye mfumo akiwa huko. Akishindwa, msizindue.

Kundi la WhatsApp limetushinda

*Mimi ni kiongozi wa darasa. Kundi letu lina watu 140. Mhadhiri akituma tangazo, linazikwa na habari za asubuhi njema, mahubiri na picha za harusi. Watu wamekosa jaribio kwa sababu hiyo. Nikikemea naambiwa najifanya mkuu wa chuo. – Kiongozi wa darasa, Masasi*

Pole. Usikemee mtu, gawa vyumba. Fungua kundi la pili ambalo mhadhiri na wewe tu ndio mnaweza kuandika, liite Matangazo. Lile la zamani waachie harusi zao, watu wanaosoma peke yao usiku wanazihitaji hizo salamu kuliko unavyodhani.

Kisha waunganishe kwa mahali, watu sita au saba: wa Masasi mjini, wa Chikundi, wa Ndanda, wa Nanyumbu. Kila kikundi kiwe na siku yake ya kukutana ana kwa ana mara mbili kwa mwezi, kwenye darasa la shule ya mmoja wao baada ya watoto kutoka. Waje na kazi zilizorudi kutoka kwa mhadhiri, wasomeane walichoandikiwa. Aliyepata 8 atasikia aliyepata 17 aliandikiwa nini, na hicho ndicho kipindi ambacho hakuna chuo kinachowalipia. Kama kazi hazijarudi, kikundi kiandike ujumbe mmoja kwa mhadhiri, wenye heshima na tarehe: *Mwalimu, tuliwasilisha tarehe 3, tunaomba kujua zitarudi lini.* Ukisainiwa na watu saba unajibiwa haraka kuliko jumbe saba za mmojammoja. Wasiojua kuandika rasmi wasaidie, wewe ni kiongozi.